Mapapai ya Hawaii na Mikarafuu Yetu

Ndugu wanachama kadhaa wametuuliza ni nini hasa hizi "mbegu zilizobadilishwa jeni" zinazotajwa redioni. Mmoja ataka kujua kama mikarafuu ya namna hiyo imekwisha patikana. Mwingine ataka kujua kama ni halali kuugeuza mti alioumba Mwenyezi Mungu. La kwanza jibu lake ni fupi: hakuna mkulima popote anayeuziwa mche wa mkarafuu wa namna hiyo. La pili twawaachia masheikh. Kazi yetu katika ukurasa huu ni kueleza jambo lilivyo, maana mwenye kuamua juu ya shamba lake ni bora aamue akijua.

Katika kila kitu chenye uhai, mti, mnyama au mtu, mna maagizo madogo sana yaitwayo jeni. Ndiyo yanayoufanya mkarafuu utoe karafuu na mwembe utoe embe, na mtoto afanane na babaye. Mkulima ameyageuza maagizo hayo tangu kale bila ya kuyaona, kwa kuchagua mbegu za mti uzaao vizuri na kuziacha za mti dhaifu. Lakini yeye hana budi kuuoanisha mti na mti wa jamaa yake, kisha angoje. Ufundi huu mpya hautazami ujamaa. Huchukua jeni moja ya kiumbe chochote na kuitia ndani ya kiumbe kingine.

Wala si jambo geni kama tunavyodhani. Insulini, ile sindano ya wagonjwa wa kisukari, zamani ilikuwa ikitolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani waliifanya kwa kutia jeni ya binadamu ndani ya bakteria, na tangu mwaka 1982 dawa hiyo inauzwa. Wazee wetu wengi wamekwisha kudungwa, na hatujamsikia hata mmoja akiililia ile ya nguruwe.

Kwa mkulima, mfano wa kuutazama ni ule wa visiwa vya Hawaii. Wakulima wa mapapai wa huko, kama sisi, ni watu wa kisiwani wanaomtazamia mnunuzi wa ng'ambo. Mipapai yao ilipatwa na maradhi ya virusi yanayochukuliwa na vidukari kutoka mti hadi mti. Majani hugeuka manjano, mti hudumaa, na tunda hutokeza alama za mviringo kama pete. Dawa hakuna. Maradhi hayo yaliharibu mashamba ya kisiwa cha Oahu, nao wakulima wakahamia Puna, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, wakasalimika kwa miaka mingi. Mwezi wa Mei 1992 virusi vikaonekana Puna. Mwaka huo Puna ilitoa ratili milioni 53 za mapapai. Mwaka 1998 ilitoa ratili milioni 26 tu. Aliyewahi kuona mikarafuu yake ikikauka mmoja baada ya mwingine kwa maradhi ya kufa ghafla hahitaji kuelezwa walivyokuwa wakilala watu wale.

Kwa bahati, mwenyeji wa huko huko, Bwana Dennis Gonsalves, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell, alikuwa ameanza kazi na wenzake tangu miaka ya 1980, kabla maradhi hayajafika Puna. Walichukua jeni ya ganda la kirusi chenyewe, wakaipaka juu ya chembe za madini ndogo kuliko vumbi, wakazipiga kwa chombo mfano wa bunduki ndani ya tishu changa za mpapai. Mti uliomea kutokana na tishu hizo ukawa umekwisha mjua adui yake kabla hajaja, karibu na chanjo tunavyoijua. Tarehe 1 Mei 1998 mbegu ziligawiwa kwa wakulima bila malipo, na aina iitwayo Rainbow ikaliokoa zao la Puna. Watu wamekuwa wakiyala mapapai hayo tangu wakati ule, na wakaguzi wa afya wa Marekani, Kanada na Japani waliyapima kabla ya kuyaruhusu.

Hiyo ndiyo faida, na si ndogo. Sasa tutazame taabu zake, ambazo nyingi hazikutokana na tunda bali na watu.

Kwanza ni mnunuzi. Japani, iliyokuwa soko lao kubwa, haikuyaruhusu mapapai hayo mpaka Desemba 2011, yaani miaka 13 baadaye. Aliyetaka kuuza Japani alilazimika kupanda papai la zamani, kulitenga na la jirani na kulipima, hali maradhi yangaliko.

Pili ni mwenye mali. Jeni na vyombo vilivyotumika vilikuwa na haki za uvumbuzi zilizoshikwa na makampuni, na kamati ya wakulima ilibidi iombe ruhusa zao zote kabla ya kugawa mbegu hata moja. Walifaulu kwa kuwa walikuwa na kamati. Mkulima mmoja mmoja angefika wapi? Na tena Rainbow ni mbegu ya kuoanisha: mtu akipanda mbegu za tunda lake, kiasi cha robo moja huota bila kinga. Basi kila akitaka kupanda hurudi kwa mwenye mbegu.

Tatu ni jirani. Chavua haijui mpaka wa shamba, na asiyeitaka jeni hiyo aweza kuikuta katika mbegu zake. Ugomvi ulikuwa mkali. Mwaka 2010 mipapai kwa maelfu ilikatwa Puna usiku. Mwaka 2013 baraza la wilaya likapiga marufuku mimea ya namna hiyo, ila mapapai yakaachwa. Baadaye mahakama ikaitengua sheria hiyo.

Tukirudi kwetu, kuna tofauti moja kubwa. Mpapai huzaa kwa muda usiozidi sana mwaka, na ukikosea waung'oa. Mkarafuu wataka miaka 6 mpaka 8 ndipo uzae, kisha wakaa mpaka wajukuu. Kosa la mche wa mkarafuu hulipwa na mtu asiyekuwapo siku ya kupanda. Kwa maoni yetu, hata mche wenye kinga ya kufa ghafla ukija kupatikana, haustahili kupandwa shamba zima kwa mara moja.

Lakini jambo linalotushughulisha zaidi halimo shambani. Mwaka 2022 wataalamu walichapisha mpangilio wote wa jeni za mkarafuu, pamoja na habari ya jinsi mti unavyotengeneza yujenoli, ile iliyo nguvu ya mafuta ya karafuu. Vanila imekwisha onja mkono wa ufundi huu: mwaka 2014 kampuni ya Uswisi, Evolva, ilianza kuuza harufu ya vanila iliyofanywa na hamira iliyotiwa jeni. Na sisi tunayo kumbukumbu yetu. Zamani viwanda vya ng'ambo vilikuwa vikifanya harufu hiyo hiyo ya vanila kwa yujenoli ya karafuu, mpaka katika miaka ya 1930 ikapatikana njia ya kuifanya kwa takataka za viwanda vya karatasi, na soko hilo likatuponyoka. Je, hamira ikifanya yujenoli kwa bei rahisi, aliyeutunza mti atapata nini? Swali hili ni la haki, ijapokuwa tukiliuliza hatuna budi kukumbuka kwamba mti wenyewe ulitoka Maluku, na watu wa Maluku hawakulipwa na sisi.

Hamira, hata hivyo, yaweza kutoa mafuta tu. Jikoni, na katika sigara za karafuu za Indonesia, hutakiwa kikonyo na kichwa chake, kilichoanikwa juani. Mafuta ya kiwandani ndiyo yaliyo karibu na hatari, na tumeliweka jambo hili katika mkutano ujao. Kwa sasa, mwanachama atakayeletewa miche asiyojua ilikotoka asiitie ardhini kabla bwana shamba hajaiona, na amwulize mletaji haya: nani atanunua, nani mwenye haki ya mbegu, na jirani yake ameambiwa?