Je, Wajua? Mwongozaji Aliyevaa Suti na Tai

Je, wajua kwamba katika Hollywood ya miaka ya 1930, Dorothy Arzner alikuwa karibu mwanamke pekee aliyeongoza filamu za studio kubwa? Alikata nywele fupi, akavaa suti na tai kazini. Hakuolewa; kwa takriban miaka 40 aliishi na mpenzi wake Marion Morgan, mtunzi wa dansi. Tazama filamu yake Dance, Girl, Dance (1940): mchezaji dansi Judy anazomewa jukwaani, anaacha kucheza, anasogea mbele na kuwakemea wanaume waliolipa ili wamkodolee macho. Ghafla watazamaji ndio wanaotazamwa. Tukio hilo hunisisimua kila mara. Wahakiki wa filamu watetezi wa haki za wanawake walilienzi upya miaka ya 1970, Arzner mwenyewe akiwa bado hai.