Mwenye Matiti ya Bandia Naye Apimwe

Upasuaji wa kuweka mifuko ya silikoni kwenye matiti ulianza huko Houston, Marekani, mwaka 1962. Tangu hapo mamilioni ya wanawake wamewekewa. Wengine walitaka matiti makubwa zaidi. Wengine walirudishiwa umbo baada ya titi kukatwa kwa ajili ya saratani.

Je, mama mwenye mifuko hiyo aweza kupigwa eksirei ya matiti kutafuta saratani? Ndiyo, tena anapaswa, umri wake wa kupimwa ukifika. Mfuko si kinga. Nyama ya titi bado ipo, na saratani huanzia humo.

Ugumu uko hapa: mfuko huzuia miale, na kivuli chake huweza kuficha uvimbe mdogo. Kwa hiyo mpiga picha husukuma mfuko nyuma kuelekea kifuani, huvuta nyama ya titi mbele, na kuibana hiyo peke yake. Kila titi hupigwa picha nne badala ya mbili. Mfuko uliowekwa chini ya msuli husumbua kidogo kuliko ulio juu yake. Ukiwa umekakamaa na hausogei, daktari huweza kuongeza kipimo cha ultrasaundi.

Wengi huogopa mfuko utapasuka. Hutokea, lakini kwa nadra sana. Saratani iliyochelewa kuonekana ndiyo ya kuogopwa.

Basi dada, usione haya! Sema una mifuko siku unapoomba nafasi, na umwambie tena mpiga picha kabla hajaanza. Asipojua, atapiga picha za kawaida tu, nawe utarudi nyumbani na jibu pungufu. Hakuna atakayekuuliza kwa nini uliweka. Na akiuliza, si kazi yake.

Aliyekatwa titi lote, upande huo kwa kawaida haupigwi eksirei, bali daktari huukagua kwa macho na mikono. Titi lililobaki ndilo lipigwe.

Tena, titi likivimba miaka kadhaa baada ya upasuaji, usingoje. Ipo saratani adimu ya limfu inayoota kuzunguka mfuko, hasa wenye ngozi ya kukwaruza. Mwaka 2019 mifuko mingi ya namna hiyo iliondolewa sokoni. Maji yaliyojaa huvutwa kwa sindano na kupelekwa maabara. Nenda na kadi ya upasuaji inayoonyesha aina ya mfuko na tarehe uliyowekewa.