Unaenda Marekani? Uliza kwanza ni jimbo lipi

Viza umepata, jamaa wamekuchangia nauli, na kichwani mwako Marekani ni moja tu. Pole! Kule kila jimbo lina mambo yake.

New Jersey, ukishuka ujijazie petroli mwenyewe, umevunja sheria iliyoanza 1949. Tulia garini, mhudumu atakuja, kama huku kwetu. Delaware, bei ya nguo uliyoona ndiyo utakayolipa. Texas, kodi huongezwa kwa keshia, kwa hivyo ukibeba pesa kamili utaaibika. Halafu Machi, Texas husogeza saa mbele. Usipojua, utafika kazini umechelewa na bosi hataki stori. Sehemu kubwa ya Arizona haigusi saa kamwe.

Basi kabla ya kufunga sanduku, mtafute Mkenya anayeishi jimbo hilohilo. Wa jimbo lingine atakupoteza tu.