Tochi inayofifia bila kukuambia: ipime mwenyewe nyumbani

Usiku wa manane mtoto anakuita. Mwili unachemka, anahitaji dawa ya homa, na umeme umekatika tangu saa mbili. Unachukua tochi iliyo kando ya kitanda, unasogeza kile kikombe kidogo cha plastiki karibu na uso, unatafuta mstari wa mililita 5. Mwanga upo, lakini mstari huuoni. Unajiambia macho yameanza kuzeeka.

Huenda si macho. Huenda ni tochi yenyewe, ambayo kwa wiki tatu imekuwa ikipoteza mwanga kidogo kidogo kila usiku, na hakuna aliyegundua. Ilinitokea hivyo. Nilipoweka betri mpya, mstari ukaonekana vizuri kabisa, miwani sikuhitaji.

Jicho la binadamu lina tabia ya kutudanganya hapa. Mwanga ukipungua taratibu hadi nusu, wengi wetu hatustuki, kwa kuwa mboni hupanuka na ubongo huzoea. Mtoto anayejisomea kwa tochi naye hawezi kukwambia, "Mama, mwanga umepungua." Atakachosema ni kwamba kichwa kinamuuma au amechoka. Kusoma kwenye mwanga hafifu hakumwachii mtoto ugonjwa wa macho kama tulivyoambiwa na wazee wetu, ila kunamchosha haraka, na daftari linafungwa kabla ya hesabu kuisha.

Kwa nini tochi moja hufifia na nyingine haifanyi hivyo? Jibu liko ndani, kwenye saketi.

Taa nyeupe ya LED inahitaji takriban volti 3 ili iwake vizuri. Tochi inayotumia betri tatu nyembamba, zile za rimoti, huanza na volti 4.5 betri zikiwa mpya. Lakini betri haibaki na volti 1.5 siku zote. Hushuka hadi 1.3, kisha 1.1, na kuendelea. Kila moja ikifika volti 1, zote tatu kwa pamoja zina volti 3 tu, na taa inawaka kwa shida. Ndiyo maana betri ulizozitoa kwenye tochi ukisema zimekufa, ukiichukua moja na kuiweka kwenye saa ya ukutani inaweza kusukuma mishale miezi mingi. Haikuwa imekufa. Tochi ndiyo iliyoshindwa kutumia kilichobaki.

Fikiria tanki la maji lililo juu ya mnara nyuma ya nyumba. Likijaa, bomba linatoka kwa kishindo. Likipungua, maji yanatiririka kinyonge. Tochi nyingi za bei ya chini ziko hivyo: betri, swichi, kipande kidogo cha kupunguza mkondo, basi. Tochi yenye saketi ya kudhibiti ni kama nyumba iliyofungiwa pampu. Maji ya tanki yawe mengi au machache, bomba linatoka vilevile, mpaka tanki likauke. Saketi hiyo huangalia mkondo unaokwenda kwenye taa na kuushikilia palepale hata betri inapochoka.

Muuzaji hawezi kukusaidia sana kujua umeshika ipi. Yeye atakuwashia tochi ikiwa na betri mpya na kukwambia, "Dada, hii ni moto wa kuotea mbali!" Na ni kweli, dukani zote ni moto. Hata maandishi ya kwenye boksi yasome kwa tahadhari. Kuna kipimo cha Marekani kinachoitwa FL 1, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2009, ambacho makampuni makubwa ya tochi hukifuata. Kwa kipimo hicho, muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ufike asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Yaani tochi iliyoandikwa saa 30 inaweza kuwa imetumia sehemu kubwa ya saa hizo ikiwa hafifu sana, na bado boksi halijasema uongo. Tochi nyingi za mitaani hazina hata alama ya kipimo hicho.

Jaribio la boksi

Hili lifanye na watoto siku ya Jumamosi, watalifurahia. Tafuta boksi la katoni, la sabuni au la tambi, lenye kimo cha kama sentimita 30. Toboa tundu juu linaloenea uso wa tochi, na ubavuni kata kidirisha cha kuchungulia. Ndani, chini ya tundu, laza simu kioo kikitazama juu. Simu nyingi za Android zina kihisio cha mwanga karibu na spika ya kusikilizia, kile kinachopunguza mng'ao wa kioo ukiingia gizani. Pakua programu ya bure ya kupima lux, ambayo ndiyo namba ya mwanga unaoangukia mahali. Chora kwa kalamu alama ya pale simu ilipolala, kwa sababu ikisogea kidogo tu namba zote zitaharibika.

Usitumie kamera kwa kupiga picha na kulinganisha. Kamera hujirekebisha yenyewe, na picha ya mwanga mkali na ya mwanga dhaifu zinaweza kutoka karibu sawa.

Weka betri mpya, washa, subiri dakika moja, andika namba. Halafu mwachie mtoto saa na daftari, aandike kila baada ya dakika 15. Namba ikigota mahali pamoja tangu mwanzo na haisogei hata ukiinua tochi, kihisio kimezidiwa. Funika tundu kwa karatasi nyeupe na uanze upya. Baada ya saa tatu au nne mwambie achore mstari wa namba hizo kwenye karatasi ya miraba. Mstari ukiteremka kama njia ya mlimani tangu saa ya kwanza, tochi haina kidhibiti. Ukilala kama meza na siku moja kuporomoka ghafla, inacho. Zipo pia zinazoshuka kwa ngazi: zinakaa, zinashuka, zinakaa tena. Hizo kwa kawaida zina saketi iliyopangwa hivyo kwa makusudi, ili taa isipate joto kupita kiasi au betri idumu.

Kama huna muda wa kusubiri, kuna njia ya mkato ninayoipenda zaidi. Betri za kuchaji za ukubwa uleule zina volti 1.2, si 1.5. Pima tochi kwa betri mpya za kawaida, kisha weka za kuchaji zilizojaa na upime tena. Namba zikikaribiana, saketi inadhibiti. Namba ikianguka vibaya, hakuna kitu humo. Huna betri za kuchaji? Tumia zilizochoka kiasi, zilizotolewa kwenye redio, lakini seti nzima iwe ya zamani. Usichanganye mpya na kuukuu, ile dhaifu inaweza kuvuja na kula vyuma vya tochi.

Angalia pia herufi ndogo kwenye betri kabla ya kuilaumu tochi. R6 ni betri ya kawaida ya bei nafuu, ambayo volti zake hushuka haraka. LR6 ni alkalaini, inahimili zaidi. Ukipima tochi moja kwa R6 na nyingine kwa LR6, unalinganisha betri, si tochi.

Tochi ya betri moja isikuchanganye. Kwa kuwa volti 1.5 haziwezi kuwasha LED nyeupe, lazima ndani yake kuwe na saketi ya kupandisha volti. Ila kupandisha si kudhibiti. Nyingi hupandisha tu, na mwanga unashuka kadiri betri inavyoshuka. Zipime kama nyingine.

Zile za kuchaji kwenye ukuta, zenye betri ya asidi ndani, nyingi hufifia taratibu. Ukizipima, simama mwanga unapokuwa dhaifu na uzirudishe kwenye chaji siku hiyohiyo. Betri ya asidi ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa huharibika.

Na wakati mnafungua tochi, zile ndogo za kwenye funguo ziweke mbali na mdogo wao. Betri yake ya kidonge ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa mbili. Ukihisi mtoto ameimeza, ni hospitali moja kwa moja, usingoje aonyeshe dalili.

Ipi ikae wapi

Usidhani tochi yenye kidhibiti ndiyo bora kwa kila kazi. Ina kasoro moja kubwa: nyingi hazitoi taarifa. Inawaka vilevile Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na Alhamisi inazima mtoto akiwa katikati ya uwanja akielekea chooni. Ile inayofifia angalau inamwachia mwanga wa kumrudisha ndani.

Kwetu tumegawa hivi. Yenye kidhibiti iko mezani kwa ajili ya kusoma, na ndiyo inayotumika kupimia dawa, ikiwa na seti ya betri za akiba zilizofungwa pamoja kwa mpira. Ile ya zamani inayofifia inaning'inia msumarini nyuma ya mlango kwa safari za chooni. Betri zikichoka kwenye ya mezani zinaenda kwenye saa ya ukutani. Kila mwisho wa mwezi binti yangu huipitisha tochi ya mlangoni kwenye boksi lake, na ikishuka chini ya nusu ya namba ya kwanza, ananidai betri.