Kamera ya HD kwa bajeti ya elfu thelathini: angalia haya kabla ya kutuma pesa

Jumamosi moja mwezi wa Novemba, mteja wetu mmoja wa Thika alitupigia simu akiwa na swali: nikimtumia mtu pesa asubuhi, mwisho wa kuirudisha ni saa ngapi? Tukamuuliza mbona anauliza hata kabla hajatuma. Akacheka, kisha akatueleza.

Alikuwa ameweka akiba ya shilingi 30,000 kwa miezi minane, kidogo kidogo, akitaka kuanza kazi ya kupiga video za harusi na matanga. Binamu yake alikuwa anaoa katikati ya Desemba na alishamwahidi kazi hiyo. Kwenye mtandao akaona kamera mpya, bado iko kwa boksi, imeandikwa "4K" na "megapikseli 48", bei 18,500. Muuzaji yuko Mombasa, mzigo utakuja na basi, ila kwanza atume 10,000. "Bosi, kuna watu watatu wanaitaka. Tuma kitu kidogo niiweke kando."

Jibu la swali lake ni hili, na tunaomba ulisome mara mbili. Ukikosea nambari, unaweza kuomba pesa irudishwe, na ukiwahi kabla aliyepokea hajaitoa, una nafasi nzuri. Lakini huyu hakuwa amekosea nambari. Ukimtumia mtu uliyemkusudia, kwa hiari yako, ukaweka PIN yako, huo ni ununuzi. Mzigo usipofika, hayo ni madai kati yako na yeye, tena ya kupelekwa polisi. Na akishaitoa kwa wakala, hakuna kilichobaki kwenye akaunti cha kurudishwa.

Hakutuma. Lakini bado alihitaji kamera, na hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa marefu.

Maandishi ya kwenye boksi

Kamera ndogo za bei rahisi zenye maandishi makubwa ya "4K" mara nyingi zina sensa ndogo ambayo haioni picha ya ukubwa huo. Inachukua picha ndogo, halafu programu iliyo ndani inaivuta mpaka ifike kipimo kilichoandikwa kwenye boksi. Ni kama kuongeza maji kwa supu: bakuli linajaa, nyama ni ileile. Hata "megapikseli 48" ni hesabu ya picha za kawaida, si ya video. Video ya Full HD ni pikseli 1920 kwa 1080, ambazo ni kama milioni 2 tu. Kwa hivyo kamera ya kweli ya HD iliyotumika miaka kadhaa, kutoka kampuni inayojulikana, itaishinda hiyo mpya kila siku, hasa usiku ndani ya ukumbi ambapo taa ni chache.

Je, 4K ya kweli? Ni nzuri, lakini ina gharama inayokuja baadaye. Picha ya 4K ina pikseli mara nne ya Full HD. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa moja. Harusi ya saa sita, fanya hesabu mwenyewe: memori kadi, diski ya kuhifadhi, na kompyuta yenye nguvu ya kuhariri. Kwa kazi hiyohiyo, Full HD ya megabiti 24 inachukua karibu gigabaiti 11 kwa saa. Na bibi harusi ataiangalia wapi? Kwa simu. Kwa maoni yetu, mtu anayeanza na elfu thelathini asahau 4K kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini hupepesa kulingana nao, ingawa macho yetu hayaoni. Ukirekodi kwa fremu 30 au 60 kwa sekunde, unaweza kupata mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Unataka kamera inayokubali fremu 25 au 50. Kamera za mkononi zilizoletwa kutoka Marekani au Japani, baadhi hazina chaguo hilo kabisa, na zile za Japani wakati mwingine menyu yake yote ni ya Kijapani. Ingia kwenye menyu ukiwa bado dukani.

Kuhusu kuvuta picha ya mbali, soma neno "optical" pekee. Huko ni kuvuta kwa lenzi. Ile "digital" inakata picha na kuipanua, jambo ambalo unaweza kulifanya nyumbani kwa kompyuta bila kulipia.

Sauti, jamani

Hapa ndipo watu wanaharibikiwa. Mgeni atakusamehe picha yenye giza kidogo, lakini hotuba ya baba mzazi isiposikika, hiyo kazi imekufa. Kabla ya kuuliza bei, tafuta tundu la kuchomekea maikrofoni. Sony HDR-CX405, kwa mfano, inavuta mara 30 kwa lenzi na inarekodi bila wasiwasi, ila haina tundu hilo. Canon EOS 600D, kamera ya picha iliyotoka mwaka wa 2011 na ambayo bado utaikuta kwa maduka ya mitumba ya kielektroniki, inalo. Lakini nayo ina tabia zake: ikirekodi Full HD inasimama yenyewe faili ikifika gigabaiti 4, ambazo ni kama dakika 12. Pia haimfuatilii mtu anayetembea. Inabidi uzungushe lenzi kwa mkono.

Na kama simu uliyo nayo tayari inarekodi Full HD vizuri, tutasema wazi ingawa si jibu la kusisimua: maikrofoni ya kubana kwenye shati na stendi nzuri vinaweza kukutoa msimu mmoja, akiba yako ikiendelea kukua.

Siku ya kununua

Mteja wetu alipanda matatu hadi Nairobi na memori kadi yake mwenyewe mfukoni. Tulimwambia arekodi dakika tano, azime, awashe, acheze video hiyo kwa kifaa kingine. Aelekeze lenzi kwa ukuta mweupe atafute madoa. Achomeke maikrofoni aongee. Aulize betri ni ya kampuni au ya kuiga, na aangalie ikiwa imefura. Kamera ya kwanza aliyoshika ilizima kwenye dakika ya tatu. Muuzaji akasema ni chaji tu. Inawezekana, lakini akaiacha.

Angalia pia nambari ya kiwanda iliyochapishwa chini ya kamera. Ikiwa imekwaruzwa, ondoka. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga mtu hadi miaka 14 kwa kushika mali aliyojua, au aliyokuwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Bei ya kutupa pamoja na nambari iliyofutwa ni sababu tosha. Omba risiti yenye nambari hiyo.

Kulipa nako kuna mpango. Lipa ukiwa umesimama dukani, kamera iko mbele yako, kwa nambari ya till ya duka. Jina likitokea kwenye skrini kabla ya PIN, lisome. Ukiambiwa "till ina shida leo, tuma kwa namba ya huyu kijana," uliza kijana ni nani na kwa nini. Ujumbe wa malipo usiufute, maana ndio ushahidi wako. Na siku utakapoiuza kamera hiyo, usikabidhi mtu kwa sababu amekuonyesha ujumbe kwa simu yake. Angalia salio lako wewe.

Alinunua 600D iliyotumika kwa 23,000. Zilizobaki zikaenda kwa betri ya pili, maikrofoni, na nauli ya kurudi Thika.

Alitupigia tena mwezi wa Januari, safari hii kuuliza jinsi ya kupata till yake mwenyewe. Tukamuuliza harusi ilikuwaje. Hotuba ya babu wa bibi harusi, akasema, ilichukua dakika kumi na saba. Kamera ikasimama kwenye ya kumi na mbili kama tulivyomwonya, naye kidole kilikuwa tayari kwa kitufe. Katika zile sekunde mbili tatu zilizopotea, babu alikuwa anakunywa maji.