Maumivu ya Kifua Si Gesi Kila Mara: Fahamu Mshtuko wa Moyo

Mvuvi anafika ufuoni Dunga alfajiri kifua kikimbana. Anadhani ni gesi, anakunywa soda na kujilaza. Kufikia saa sita mchana, matanga yameanza, na wengine wananong'ona kuwa amerogwa. Kisa kama hiki kinaweza kutokea katika boma lolote, lakini mara nyingi kina maelezo ya kitabibu.

Nini hutokea?
Moyo ni msuli, nao hulishwa na mishipa yake ya damu. Mafuta yanapojijenga ndani ya mishipa hiyo kwa miaka mingi, njia huwa nyembamba. Siku moja damu huganda hapo na kuziba njia. Sehemu ya msuli isiyopata damu huanza kufa, na kila dakika ina thamani.

Dalili
• Kifua kubanwa au kulemewa, zaidi ya dakika chache
• Maumivu kuenea mkononi, begani, shingoni au kwenye taya
• Jasho jembamba, kichefuchefu, kukosa pumzi

Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza kukosa maumivu makali, wakahisi uchovu wa ghafla tu.

Ufanye nini?
Usisubiri kupambazuke. Mkalishe mgonjwa, asitembee wala kujiendesha. Tafuta gari umpeleke mara moja katika hospitali iliyo karibu. Wahudumu wataamua iwapo anahitaji rufaa, kwa mfano katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga.

Kinga
Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 4 nchini ana shinikizo la damu. Wengi hawajui, kwa kuwa halina dalili. Kipimo cha 140/90 au zaidi kinahitaji uchunguzi. Ukiandikiwa dawa, usiziache kwa sababu umepata nafuu.

Acha sigara. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikiwemo iliyo kwenye samaki waliokaushwa kwa chumvi. Pika samaki kwa kuchemsha badala ya kumkaanga kwa mafuta yaliyorudiwa. Ongeza mrenda, managu na sageti. Tembea kwa kasi dakika 30, siku 5 kwa wiki.

Wahamasishaji wa afya ya jamii walianza kupewa mashine za kupima shinikizo na sukari mwaka 2023. Atakapobisha hodi kwako, mkaribishe, kisha umnyooshee mkono akupime.