Kasha la hadi diski: Matundu mengi si hoja

Mwezi Machi mwaka 2023 umeme ulirudi kwa kishindo hapa Bujumbura, kompyuta yangu mpakato ikiwa imechomekwa ukutani. Ilizimika na haikuwaka tena. Ndani yake mlikuwa na maswali ya mitihani ya miaka mingi, picha za wanafunzi, na faili moja la sauti ambalo, kwa uzembe wangu, sikuwa na nakala yake popote. Ni sauti ya marehemu baba. Nilimrekodi mwaka 2008 tukiwa bado katika makazi ya Katumba, Tanzania, akieleza mipaka ya shamba la michikichi aliloliacha Rumonge alipokimbia mwaka 1972: kijito kiko wapi, kaburi la babu liko upande gani.

Siku ishirini baadaye tulikuwa na miadi mbele ya bashingantahe wa kilima chetu. Familia inayolima pale leo nayo imezaa na kuzika pale pale. Kila upande ulitakiwa kuja na ulichonacho, na mimi nilichokuwa nacho kilikuwa ndani ya kompyuta iliyokufa.

Fundi mmoja wa Buyenzi aliifungua kwa bisibisi, akatoa kidude cha chuma chenye ukubwa wa daftari dogo. "Mwalimu, kompyuta imekufa lakini hadi diski huenda iko hai. Tafuta kasha."

Ndugu msomaji, kasha hilo ni kijumba cha bati au plastiki chenye kibao kidogo cha elektroniki ndani yake. Unaiingiza hadi diski humo, kibao kinageuza lugha yake kuwa lugha ya waya, na kompyuta nyingine inaisoma kama inavyosoma kijiti cha USB. Dukani niliwekewa mawili mbele yangu. Moja lilikuwa na tundu moja tu, la USB 3.0. La pili, la bati zito na la zamani kidogo, lilikuwa na matatu: USB 2.0, FireWire 400 na eSATA. Muuzaji alilisifu la pili kana kwamba anamwoza binti yake. Katika darasa letu la Katumba kitabu kimoja kilisomwa na watoto kadhaa, kwa hiyo kitu kimoja chenye kazi tatu hunilevya haraka. Nikalilipia.

Shuleni nikagundua kwamba kompyuta zetu hazina tundu la FireWire wala la eSATA. Nilichokuwa nimenunua, kwa pale, ni kasha la USB 2.0 lenye mapambo mawili. Nikachomeka waya wa USB mbele ya kompyuta. Taa ya bluu ikawaka, hadi diski ikalia tik, tik, tik, na kwenye kioo hapakutokea kitu. Nilikaa kwenye benchi, mikono ikitetemeka.

Nilimpigia fundi. Akaniambia nichomoe mara moja, kwa sababu mlio ule ukiachwa uendelee unaweza kuwa ndio mwisho wa diski. Pia unaweza kuwa ni njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni hutoa miliampea 500, na hadi diski ya kompyuta mpakato inapoanza kuzunguka huweza kutaka karibu mara mbili ya hizo. Dawa yake ni waya wenye vichwa viwili, unaochota umeme katika matundu mawili kwa pamoja, uchomekwe nyuma ya kompyuta ambako matundu yameungwa moja kwa moja na kibao kikuu. Waya huo haukuwemo ndani ya boksi. Niliutafuta siku mbili.

Ulipopatikana, diski ilinguruma, ikatulia, na mafolda yakajitokeza. Sikuangalia mitihani. Nilikwenda kwenye faili la baba, nikalinakili kabla ya jambo lolote, kisha ndipo nikavuta pumzi.

Hofu ilipoisha, udadisi wa mwalimu ukarudi. Nilichukua folda la gigabaiti 40 nikalipima kwa saa ya mkononi. Kwa USB 2.0 lilichukua dakika 22. Rafiki yangu anafanya kazi kwenye studio ya kurekodi kwaya, yenye Mac ya zamani na kompyuta nyingine kubwa ya mezani. Kwenye Mac, kwa FireWire, ilikuwa dakika 18, na hapo diski iliwaka bila waya wa pili kwa kuwa FireWire ya pini sita hubeba umeme wa kutosha. Kwenye ile ya mezani, kwa eSATA, dakika 8 zilitosha. Lakini eSATA ya kawaida haibebi umeme hata kidogo. Ilibidi waya mwingine uende kwenye tundu la USB kwa ajili ya kulisha diski tu, na meza ikajaa nyaya kama mtego wa samaki.

Kisha nikaazima kwa mwalimu mwenzangu kasha la tundu moja, lile nililolidharau dukani. Kwenye kompyuta yake mpya lilimaliza kazi kwa dakika 8, waya mmoja tu, kimya. Kwenye kompyuta ya shule lilirudi kwenye dakika zile zile 22, kwa sababu tundu la upande wa pili ni la zamani. Mwendo wa safari hupangwa na anayekwenda polepole zaidi, na mara nyingi huyo ni diski yenyewe: zile zinazozunguka hufika megabaiti 100 hivi kwa sekunde, hata ukizipa barabara ya kupitisha mara nne ya hapo.

Sasa wauzaji wanasifia USB-C. Hilo ni umbo la tundu, si mwendo. Nimeona kasha lenye tundu la USB-C ambalo ndani yake ni USB 2.0 ile ile ya mwaka 2000. Muulize muuzaji namba, na akianza kuimba, ondoka.

Kabla ya kulipa, beba hadi diski yako dukani. Za zamani zina safu mbili za pini nyembamba, hizo ni IDE. Za SATA zina ulimi bapa, na kasha la moja halipokei nyingine. Tazama unene pia, maana diski ya milimita 12.5 haiingii kwenye kasha la 9.5. Diski kubwa za kompyuta za mezani zinataka volti 12 kutoka ukutani, na kwa umeme wetu huu mimi nisingethubutu. Zaidi ya yote, kompyuta ikikuuliza kama unataka kuiandaa diski upya, kataa. Swali hilo linaulizwa kwa upole, lakini maana yake ni kufuta.

Kwa bashingantahe tulisikiliza sauti ya baba kwa dakika kumi na moja, kwa spika ndogo ya simu. Mzee wa familia ile nyingine aliomba sehemu ya kaburi irudiwe. Shauri halijaisha, ila tangu siku ile tunasalimiana.

Faili hilo sasa lina nakala tatu, moja ikiwa kwa dada yangu aliyebaki Katumba. Kasha la matundu matatu liko mezani kwangu. Tundu la FireWire nimelifunika kwa karatasi yenye gundi ili vumbi lisiingie. La eSATA nimeliacha wazi, maana kompyuta ya studio bado inawaka.